Je, Mashine Inaweza Kukesha kwa Ajili Yetu?



Katika mkutano wa komite ya miradi ya paruasi yetu hapa Lubumbashi, kijana mmoja alituonyesha video katika telefone yake. Ndugu yake anayeishi Ubelgiji ndiye aliyemtumia. Tuliona nyumba ndefu iliyojaa kuku weupe, maelfu kwa maelfu, na katikati yao kigari kidogo kinatembea chenyewe. Hakuna mtu anayekiongoza. Kuku wanainuka, wanakipisha, halafu wanarudi mahali pao. Kijana akauliza: "Na sisi, Mungu akitujalia feza, hatuwezi kununua kimoja kilinde kuku wa paruasi?"

Mkutano uligawanyika. Baba mmoja mzee alisema kwamba kitu kisicho na roho, kinachotembea chenyewe usiku, hakifai kuingizwa katika mali ya kanisa. Mama mmoja akamjibu kwa heshima kwamba kitu kinachofanya kazi bila kuomba mshahara na bila kuiba mayai ni baraka. Watu walicheka, na mkutano ukafungwa bila jibu. Mchungaji akaniomba niandike juu ya swali hili katika jarida letu, kwa kuwa mimi ndiye shemasi wa mradi wa kuku. Nilikubali. Sikujua kwamba swali hilo litanipeleka mahali ambapo sikutaka kwenda.

1. Roboti ni kitu gani?

Kwanza tuondoe hofu. Roboti si mzimu. Ndani yake kuna batiri, magurudumu, kamera na maagizo ambayo mtu ameyaandika mbele. Inaitwa ya kujiendesha kwa sababu, baada ya kupewa maagizo hayo, inachagua yenyewe njia ya kupita na wakati wa kusimama. Sisi Wakongomani si wageni wa jambo hili. Mwaka 2013 mama injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka katika njia panda za Kinshasa roboti kubwa za kuongoza magari, zenye kutumia nguvu ya jua, na baadaye zikafika Lubumbashi pia. Zilitengenezwa na watoto wa nchi hii. Hakuna aliyehitaji kufukuza pepo kabla ya kuvuka barabara.

Neno lenyewe lina historia. Latoka katika lugha ya Kicheki. Mwandishi Karel Čapek alilitia katika mchezo wa kuigiza aliouandika mwaka 1920. Kwao robota ni kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana wa shamba. Babu zetu waliolimishwa pamba na kutengenezeshwa barabara kwa fimbo wakati wa Wabelgiji wangeelewa neno hilo bila kamusi. Tulishike, maana tutalirudia.

Katika ufugaji wa kuku, roboti hizi zimekuwa za namna mbalimbali. Huko Ufaransa, watu wa Tibot walitengeneza kigari kinachoitwa Spoutnic. Kinazunguka kati ya kuku wa mayai na kuwainua, ili wasizoee kutaga sakafuni bali waende kwenye viota. Huko Uhispania ilitengenezwa nyingine inayoitwa ChickenBoy. Hiyo haitembei chini. Inaning'inia kwenye reli karibu na dari. Inapima joto, unyevu na hewa mbaya, na kamera yake inatazama mavi ya kuku ili kutambua ugonjwa wa tumbo mapema. Huko Uholanzi, watafiti wa Wageningen walijaribu roboti ya kuokota mayai yaliyotagwa sakafuni. Katika majaribio waliyoyaandika mwaka 2018, iliweza kuokota karibu nusu tu ya mayai hayo. Kwa hiyo mashine hizi si miungu. Zinajifunza, na zinakosea.

Tena zina faida ambayo hatuwezi kuikataa. Kila aliyefuga kuku anajua kwamba ugonjwa huingia kwa viatu vya watu. Mwaka 2017 homa ya ndege ilithibitishwa katika nchi yetu, huko Ituri, kandokando ya ziwa Albert. Mashine inayokaa ndani ya nyumba moja tu haitoki sokoni, haitoki kwa jirani ambaye kuku wake wamekufa. Na katika nyumba yenye kuku 20.000, mtu mmoja akipita na ndoo yake anaona wangapi vizuri? Hachoki macho? Mashine haichoki.

2. Kifaranga anaomba nini

Niwaeleze kidogo ndugu ambao hawajafuga, maana jibu limejificha hapa.

Kuku hulalia mayai siku 21. Siku hizo hula kidogo na kukonda, kwa sababu joto analowapa watoto latoka katika mwili wake mwenyewe. Vifaranga wakitoka, bado hawawezi kujipatia joto la kutosha. Manyoya yao ni laini mno. Sisi tunaonunua vifaranga wa siku moja katika sanduku tumewaondolea mama. Kwa hiyo sisi ndio tumekuwa mama. Siku za kwanza wanataka joto la digrii 32 au 33, na kila juma linalofuata tunapunguza digrii karibu tatu mpaka manyoya ya kweli yaote.

Asiye na kipima joto anasoma vifaranga wenyewe. Wakirundikana pamoja chini ya taa, wana baridi. Wakikimbia mbali na kufungua midomo, joto limezidi. Wakisambaa chumba kizima, huyu anakula, yule analala, basi wako vizuri. Ni kitabu ambacho hata mtoto wa miaka saba anaweza kukisoma. Lakini ni lazima awepo mtu wa kukisoma, tena usiku. Kifaranga hajui kuita mtu kwa jina. Kazi yake yote ni kurundikana na kulia.

3. Usiku wa mwezi wa sita

Sasa nafika pale ambapo sikutaka kufika.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mradi wetu ulianza na vifaranga 300. Faida yake ilikuwa kwa ajili ya dawa za wajane na masomo ya yatima. Mnajua baridi ya Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba. Tulipanga zamu za kukesha, na usiku ule zamu ilikuwa yangu. Umeme ulikatika mapema, jua lilipokwisha kuzama tu. Hilo halikuwa shida, tulikuwa tumejitayarisha: mbabula mbili, na gunia la makala ambalo kijana wetu wa kazi alikuwa amelinunua mchana. Niliwasha mbabula, nikaacha nafasi ya hewa, maana moshi wa makala katika chumba kilichofungwa unaua kuku na mtu pia. Vifaranga wakasambaa vizuri. Nilisali. Nikakaa kwenye kiti.

Katikati ya usiku nilijiambia nitalala kidogo. Nilikwenda nyumbani, hatua mia moja tu, nikajitupa kitandani na viatu. Niliposhtuka, jogoo wa majirani walikuwa wanawika. Mbabula zote mbili zilikuwa majivu. Vifaranga walikuwa wamerundikana katika pembe moja, mmoja juu ya mwingine, kama walivyoumbwa kufanya wakitafuta mama. Wale wa juu walikuwa hai. Wa chini walikuwa wamekosa pumzi. Tulihesabu 84.

Asubuhi komite ilikuja. Nikasema: "Umeme umekatika." Ilikuwa kweli. Mtu mmoja akauliza: "Na makala?" Mwingine akajibu kabla yangu: "Labda kijana alinunua makala mabaya, yanayokwisha upesi." Wakamtazama kijana. Kijana akanitazama mimi.

Nilinyamaza.

Juma lililofuata kijana aliondolewa katika kazi. Hakuna aliyemfukuza kwa matusi. Aliambiwa tu kwamba mradi umepata hasara na hauwezi kumlipa tena. Lakini jina lake lilibaki na doa la makala yale, na mama yake anasali kati yetu. Mimi niliendelea kushika sahani ya sadaka.

Ndugu zangu, makala yalikuwa mazuri. Aliyekosa ni mimi. Nayasema haya mbele ya Mungu na mbele yenu.

4. Nani atajibu?

Tangu niliposikia swali la mkutano, nimejiuliza: kama usiku ule kungekuwa na mashine badala yangu, ingekuwaje?

Jibu la kwanza ni jibu la aibu. Vifaranga 84 wangeishi. Mashine ya kupima joto haina kitanda hatua mia moja kutoka hapo. Ingeona joto linashuka, ingetuma ujumbe katika telefone. Kifaranga haulizi kama joto latoka kwa bawa, kwa mbabula au kwa waya. Kwake mashine inayofanya kazi ni bora kuliko shemasi anayelala. Yeyote anayedharau mashine hizi kwa sababu hazina roho, na ajiulize kwanza yeye mwenye roho alikuwa wapi usiku.

Lakini kuna jibu la pili. Tuseme mashine ipo, na usiku huo inaharibika, ama batiri inakwisha, ama ujumbe unakuja na mimi nimezima telefone. Asubuhi nitasema nini? Nitasema: "Mashine haikuniamsha." Na itakuwa kweli, kama vile ilivyokuwa kweli kwamba umeme umekatika. Mashine haitanitazama kama kijana alivyonitazama. Haina mama katika kanisa. Nitaweza kuilaumu miaka yote bila kusikia chochote moyoni.

Hapo ndipo nilipoelewa neno robota. Mimi nilikuwa na roboti tayari. Yule kijana alibeba makala yangu, alifagia mavi ya kuku wangu, na siku ya hasara alibeba hatia yangu. Nilimfanya mashine. Shida haikuanza Ulaya, wala haikungoja kigari cha video. Yaanza pale mtu anapotafuta mwingine, awe mtu au chuma, wa kuchukua kazi yake na jibu lake pamoja. Kazi inaweza kuchukuliwa na mwingine. Jibu halichukuliwi.

Maandiko Matakatifu yalijua jambo hili zamani, kabla ya waya wa kwanza. Fungueni Kutoka 21, mstari wa 28 na wa 29. Ng'ombe ni kiumbe kinachotembea chenyewe. Kinachagua njia yake. Akimpiga mtu pembe mara ya kwanza, bwana wake hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo, na bwana alionywa asimfunge, basi hatia ni ya bwana. Kitu kinachokwenda chenyewe hakimwondolei mwenyewe hesabu. Kinamwongezea wajibu wa kukijua na kusikia onyo.

Someni tena Mwanzo 31, mstari wa 38 mpaka wa 40, pale Yakobo anapoongea na Labani. Anamkumbusha miaka 20 ya kuchunga, joto la mchana, baridi ya usiku, usingizi uliomkimbia. Na kuna neno moja ambalo zamani nililipita bila kuliona: mnyama aliyeraruliwa, Yakobo hakumpelekea Labani maelezo. Alichukua hasara hiyo juu yake mwenyewe. Huyo ndiye mchungaji. Katika Yohana 10 Bwana wetu anatuonyesha tofauti yake na mtu wa mshahara: huyu anafanya kazi ileile kila siku, lakini mbwa mwitu akija anakimbia, kwa sababu kondoo si wake. Na Bwana alipotaka kuonyesha huruma yake juu ya Yerusalemu, katika Matayo 23:37, alichagua mfano wa kuku na mabawa yake. Kuku anatoa joto lake mwenyewe, naye anakonda.

Mashine inaweza kutoa joto, lakini yenyewe haikondi. Inaweza kuona, lakini haiwezi kuona haya. Si kosa lake, haikuumbwa hivyo. Kosa ni letu tukiitazamia ifanye yale ambayo Mungu aliyaweka katika moyo wa mtu.

5. Namna ya kupima

Basi tupime namna gani? Mimi nimepata kipimo kimoja: je, mashine hii inanisogeza karibu na viumbe nilivyopewa, ama inanipeleka mbali navyo?

Kama inapima hewa usiku kucha, na asubuhi inaniambia: nenda pembe ile, kuna kuku wagonjwa, nami nikaenda na kuwashika kwa mikono yangu, basi imenisogeza. Methali 27:23 inatuagiza kujua vizuri hali ya makundi yetu, na mashine hiyo inanisaidia kutii. Lakini kama naiweka ili nifuge kuku 30.000 ambao sitawaona kamwe, nikae mjini na kuhesabu faida katika telefone, basi imenipeleka mbali. Sheria ya nchi za Ulaya ya mwaka 2007 juu ya kuku wa nyama inaagiza wakaguliwe angalau mara mbili kwa siku. Ni sheria ya watu wa serikali, siyo ya kanisa, lakini hata wao waliona kwamba kuku lazima atazamwe.

Tupime pia ugonjwa ambao mashine inakuja kuutibu. Vigari vingine vinatumiwa kuwainua kuku wa nyama ili watembee. Sababu gani kuku ahitaji mashine ili atembee? Kwa sababu tumechagua mbegu inayokua mzito kwa majuma sita hivi, mpaka miguu inachoka kuubeba mwili. Pengine mashine inafunga kidonda tulichokitia sisi wenyewe. Kukifunga ni vizuri. Kuacha kutia kidonda ni vizuri zaidi.

Na tupime hali ya vijana. Katika nchi ambako wafanyakazi ni wachache, mashine inajaza nafasi iliyo wazi. Hapa kwetu kila asubuhi vijana wanasimama mbele ya geti wakiomba kazi. Mradi wa kanisa ulianzishwa kulisha watu. Tukinunua mashine ili kuwaondoa, tutakuwa tumelinda kuku na kupoteza kondoo. Lakini tusiseme pia kwamba kijana azaliwe ili avute vumbi la mavi ya kuku mpaka mapafu yaharibike. Kazi inayomharibu mtu, heri chuma kiifanye, na mtu apewe ile inayotaka akili na moyo.

6. Neno la mwisho

Kwa paruasi yetu, mawazo yangu ni haya. Hatuna haja ya kigari. Kuku wetu ni mia chache na umeme wetu si wa kuaminika. Tununue kipima joto chenye kengele, kile cha batiri, kinacholia joto likishuka. Ni mashine ndogo, na baba yetu mzee hatakiogopa. Tuweke gunia nene katika madirisha kabla ya mwezi wa sita. Na zamu ya usiku iwe ya watu wawili, kusudi mmoja asiweze kusema uongo asubuhi.

Jambo moja limebaki. Kabla ya kupeleka karatasi hii kwa Mchungaji, nilikwenda kwa yule kijana. Nilimkuta anatengeneza baiskeli za watu kandokando ya barabara. Nilimwambia yote, mama yake akiwa hapo. Alinyamaza kwa muda mrefu, akifuta mafuta mikononi. Kisha akasema: "Baba shemasi, makala niliyachagua mimi mwenyewe, moja moja. Nilijua." Alinipa ruhusa niandike. Nilimwomba arudi katika mradi. Akasema atafikiri pamoja na mama yake. Ni haki yake kufikiri. Nimemwomba Mchungaji pia aamue kama nitaendelea kushika sahani ya sadaka, nami nitapokea atakaloliamua.

Mama na baba, vijana wapendwa, kila mmoja wetu ana kitu alichopewa kukilinda: mtoto, mgonjwa, feza ya watu, kundi dogo la kuku. Tuombe msaada wa kila chombo ambacho akili ya binadamu imetengeneza, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini asubuhi watakapokuja kuuliza, tusitafute wa kumtazama. Tujibu sisi.

Mungu wa Yakobo, asiyelala wala kusinzia, awalinde.

Shemasi wenu, wa mradi wa kuku